Bendera ya Makomamanga

"Perina, hebu tuambie sisi wenzio: bendera ya mumeo husimama, au hulala?"

Aliyeuliza alikuwa Milka, mke wa Duje, jirani wa ukuta kwa ukuta. Wanawake walikuwa gatini wakikanyaga sponji za baharini ndani ya mabeseni, wakizisuuza na kuzikanyaga tena mpaka ule utelezi mweusi uishe, na kicheko kilichofuata kilimfanya hata padre, aliyekuwa akipita na mkate kwapani, aangalie upande wa pili. Perina hakukubali kushindwa. "Husimama ikitaka," akajibu, "ila ikikuona wewe hulala." Milka akacheka kuliko wote, akashika mbavu kwa mikono iliyolowa.

Ulikuwa utani wa miaka mingi iliyopita, lakini ndani ya utani mlikuwa na jambo la kweli ambalo kila mtu gatini alilijua. Serikali inamtaka mzamiaji aburute boya lenye bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, ili wenye vyombo wajue kwamba chini pana mtu. Vizuri. Lakini bendera hiyo hiyo humwonyesha na jirani mahali zilipo sponji. Kwa hiyo Lovre, mume wa Perina, alilitengeneza boya lake kwa akili ya kwao: dumu la mvinyo, ubao juu yake, na mpini wa ufagio uliofungwa kwa bawaba ya mlango wa kabati. Mpira wa tairi la baiskeli uliusimamisha mpini, na kamba nyembamba ilishuka majini mpaka kiunoni mwake. Akisikia kutoka chini injini ya mtu wa kisiwani inakuja, huvuta kamba, bendera ikalala juu ya maji. Jirani akishapita, huiachia, ikainuka. Mashua yenyewe Perina aliiegesha mbali, nyuma ya rasi, akajifanya anavua ngisi.

Swali la Milka lilirudi mwaka huu kwa njia ya simu, na aliyeuliza hakuwa akicheka.

"Mama," ilisema sauti ya afisa wa bandari kutoka mjini, ng'ambo, "bendera ya mumeo ilikuwa imesimama, au ilikuwa chini?"

"Mimi nilikuwa nyuma ya rasi na mashua, bwana."

"Boya mnalo?"

"Tunalo."

"Litunzeni lilivyo. Siku ya shauri mje nalo."

Perina aliiweka simu mezani, akaifunika kwa kitambaa cha kufutia sahani, kama mtu anayefunika maziwa yasiingie nzi.

"Nani huyo?" Lovre aliuliza. Kitanda chake kilikuwa kimeshushwa jikoni, kati ya jiko na sinki, kwa sababu ngazi za kwenda juu hakuziweza tena. Mguu wa kushoto uliishia chini kidogo ya goti. Mwezi wa Mei boti ya hoteli, inayowapeleka wageni kwenye visiwa vidogo, ilimpitia juu akiwa anapanda kuvuta pumzi ya nje, na rafadha ikafanya kazi yake.

"Bandari. Wanalitaka boya."

"Lilete hapa."

Alilitoa ghalani, chini ya wavu mkuukuu alikolificha siku ile ile ya ajali bila kuambiwa na mtu. Dumu lilikuwa zima. Bendera ilikuwa imeliwa na rafadha, kimebaki kipande mfano wa ulimi wa mbwa aliyekimbia. Na bawaba ilikuwepo, imepakwa grisi, inang'aa.

Lovre aliukunja mpini, akauachia. Ukainuka kwa mlio mdogo. Akaukunja tena.

"Wakiiona hii, basi."

"Basi nini?"

"Basi mimi ndiye niliyejikata mguu, Perina. Ndivyo watakavyosema. Hoteli hailipi, bima hailipi, na yule mchunga mbuzi wao anarudi kwenye usukani wake. Na wewe utanifuta mavi hapa jikoni kwa pensheni anayotugawia baba yako mpaka mmoja wetu afe."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Perina aliketi ukingoni mwa kitanda. Swali alilokuwa nalo lilikuwa limekaa kinywani mwake tangu hospitali, akiogopa kulitema. "Uliivuta?"

Lovre alikitazama kile kipande cha kitambaa. "Niliivuta."

"Kwa nini, Lovre?"

"Nilisikia ya Duje."

Injini ya Duje kila mtu anaijua, dizeli la zamani linalokohoa, tup, tup, tup, mfano wa mzee anayepanda ngazi. Lovre aliisikia akavuta kamba, akangoja ipite. Nyuma ya kikohozi kile kulikuwa na mlio mwingine, mwembamba, unaozidi. Maji huleta sauti kutoka pande zote kwa pamoja. Hakutambua kuwa ni mbili mpaka alipoona kivuli cha boti kikimjia juu ya kichwa.

"Utatengeneza jingine," alisema. "Lisilo na bawaba. Bendera ya kusimama."

"Ili nikale kiapo juu yake?"

"Wewe hutaapa kitu. Boya ndilo litakaloapa."

*

Kwa hiyo Perina alifunga madirisha mchana kweupe, watu wakadhani mgonjwa amelala, akaanza kazi ambayo maishani mwake alikuwa ameitazama tu.

Dumu alilipata, la mvinyo wa shemeji yake. Lovre alimwelekeza kutoka kitandani. Apashe nondo motoni mpaka iwe nyekundu, atoboe dumu juu na chini, apitishe bomba la plastiki, na ndani ya bomba apitishe mpini wa ufagio utokeze pande zote mbili. Harufu ya plastiki iliyoungua ilijaa jikoni, Lovre akakohoa, akalaani. Alipomaliza kutoboa, tundu la chini lilikuwa limeenda upande.

"Umetoboa kama unamchoma nguruwe!"

"Njoo utoboe mwenyewe."

Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Nipe chombo." Perina akaacha nondo, akamletea chombo cha mkojo, akageuka ukutani mpaka amalize, akaenda kukimwaga, akanawa, akarudi kwenye nondo ambayo ilikuwa imeshapoa.

Walilijaza dumu kwa lile povu la mafundi wa milango, linalovimba na kukauka, wakaziba matundu kwa lami ya mashua. Kesho yake Perina alilipeleka uani, akalitumbukiza ndani ya birika la maji ya mvua. Boya likaelea, likafikiri kidogo, kisha mpini ukainama polepole mpaka ukagusa maji.

"Vipi?" Lovre alipiga kelele kutoka ndani.

"Limelala."

Alimsikia anacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kwanza tangu Mei. "Hata hilo! Hata hilo limelala! Lifunge chubwi chini, mwanamke. Risasi. Kitu cha kusimama wima lazima kiwe na uzito chini ambao watu hawauoni."

Alifungua wavu wa marehemu baba mkwe, akachukua chubwi za risasi, akazifunga kwenye ncha ya chini kwa waya, mbili, kisha nyingine, mpaka mpini ulipokataa kuinama hata aliposukuma kwa kidole. Ulipepesuka ukarudi. Alisukuma tena, ukarudi tena. Alisimama pale ukingoni mwa birika akilitazama boya zuri kuliko yote ambayo nyumba ile iliwahi kuwa nayo. Lovre angetengeneza hili miaka yote hiyo, aliwaza, leo angekuwa anatembea. Kisha akaona aibu, kwa sababu alikuwa amelifurahia.

Ikabaki kulizeesha. Alilisugua kwa jiwe, akalipaka mwani, akaliacha juani, akalilowesha tena. Lakini bendera ndiyo iliyomshinda. Kitambaa cha dukani kingepiga kelele kwamba ni kipya. Ilitakiwa nyekundu iliyopigwa na jua miaka mingi, nyekundu iliyochoka.

Alijua ilipo. Alipita siku nzima bila kupanda juu, akijitafutia kazi nyingine.

Ilikuwa ndani ya kasha la harusi yake: shuka zito la kitandani alilofumiwa na bibi yake, jekundu, lenye makomamanga yaliyofumwa kwa uzi wa rangi ile ile, ambayo huyaoni mpaka mwanga uyapige ubavuni. Halikuwahi kutandikwa kitandani. Kila mwaka, Sikukuu ya Mwili wa Bwana, kisiwa kizima huning'iniza mashuka yake bora madirishani, na maandamano ya Sakramenti hupita chini yake njia nzima mpaka kanisani. Mwaka huu pia alilitundika, peke yake, Lovre akiwa bado hospitali. Padre alipita chini na Ekaristi, na Duje, ambaye ni mmoja wa wanaume wanne wanaobeba nguzo za mwavuli wa padre, aliinua macho dirishani kwake akainamisha kichwa. Milka alimwambia baadaye kanisani, "Jirani, hayo makomamanga yako yalinitoa machozi. Kwa shida yote hii hukumsahau Mungu."

Perina alilitandaza mezani. Alifanya ishara ya msalaba. Mkasi ulikuwa butu, ukatafuna kitambaa badala ya kukikata. Mstari mweupe aliutoa kwenye foronya, akaushona mshazari kutoka kona ya juu hadi ya chini, akapitisha waya kwenye pindo ili bendera isinywee pasipo upepo.

"Wanaume hawaangalii vitambaa," Lovre alimwambia alipoona anasita.

*

Lile boya la zamani alilichoma jikoni kidogo kidogo, ubao kwanza, mpini, mpira. Alipozoa majivu alikuta bawaba. Haikuungua. Aliitia mfukoni mwa aproni akanuia kuitupa baharini, lakini kila alipofika gatini kulikuwa na mtu.

Siku hiyo hiyo alikuja Jozo, yule dereva wa boti. Alikuwa mtu wa milima ya nyuma ya mji, mrefu, mwenye shingo iliyoungua jua, kofia mkononi. Chini ya kwapa alibeba paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, limefungwa kwa kitambaa safi.

"Mama, Yesu na Maria wasifiwe."

"Milele. Unataka nini?"

"Sikuja kusumbua. Mke wangu ameleta hili. Ni la kwetu, si la duka."

"Nani huyo?" Lovre aliita kutoka ndani.

"Mtu wa umeme," Perina akajibu, akauvuta mlango nyuma yake. Uani kwa nyuma boya lilikuwa linakauka. Lilionekana kidogo kupitia uchochoro, na alisimama mahali ambapo mwili wake ungelificha.

Jozo alilitazama paja la nguruwe kana kwamba lingemsaidia kusema. "Mama, mimi nina watoto wawili, wa tatu yuko njiani. Hoteli imeshaniachisha. Wanasema nikikutwa na kosa ni jela. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nimekuja kukwambia kitu kimoja tu ukijue. Nilitazama. Kila siku napita pale na kila siku natazama. Hakukuwa na bendera, mama. Usiku sipati usingizi, mke wangu ananiambia labda ilikuwepo ukapitiwa. Sasa hata mimi sijui. Wewe ni mke wake. Niambie tu kama nina wazimu."

Perina alikuwa ameiweka mikono ndani ya mifuko ya aproni. Kidole chake kilikuwa juu ya bawaba.

"Nilikuwa nyuma ya rasi," alisema.

"Ndiyo. Nimesikia hivyo." Akamnyooshea lile paja. "Basi pokea hili."

"Rudi nalo kwa watoto."

"Mama, usinirudishe nalo. Nitamwambia nini mke wangu?"

Hakulipokea. Jozo aliliweka polepole juu ya kizingiti cha mawe, akaondoka. Lilikaa pale mpaka paka wa Milka walipoanza kulizunguka, na Perina akalazimika kuliingiza ndani. Lovre alikata kipande bila kuuliza mafundi wa umeme wanaleta nyama tangu lini.

*

Ofisi ya bandari ilikuwa ghorofani, na ngazi zake zilikuwa nyembamba. Karani alitazama magongo ya Lovre, akatazama ngazi, akasema angeuliza kama afisa anaweza kushuka. Afisa hakuweza. Basi alitafutwa kiti, Lovre akakalishwa, na wanaume wawili waliokuwepo wakakiinua: mbele Duje, aliyeitwa kama shahidi kwa sababu injini yake ilisikika siku ile, na nyuma Jozo. Lovre alipanda hivyo, miguu ya kiti ikigonga ukuta, akiwa amefumba macho. Suruali iliyokunjwa na kufungwa kwa pini ilimgusa Duje mkononi kila hatua.

"Sishiki vibaya, bwana?" Jozo aliuliza akitweta.

"Beba tu," Lovre alisema.

Perina alifuata na boya, bendera akiwa ameikumbatia.

Wakili wa hoteli alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka. Afisa alikuwa mtu mzima, mpole, aliyempa Perina kiti chenye mto. Upole ule ulimwumiza kuliko ambavyo ukali ungefanya. Boya liliwekwa mezani likasimama kwa msaada wa vitabu viwili.

"Mama Perina, umeapa kusema kweli. Hili ndilo boya la mumeo alilokuwa nalo siku ya ajali?"

Alikuwa amejiandaa kwa maswali marefu. Hili lilikuwa fupi mno, halikuwa na pa kujifichia.

"Ndilo," alisema.

Alisikia neno lile likitoka na sauti yake mwenyewe, sauti ile ile anayoitikia nayo misa.

"Mpini huu haukunjiki?"

"Unauona mwenyewe, bwana."

Wakili alilizungusha boya, akaugongagonga mpini, akaubana kwa vidole. "Bwana Duje. Ulipita pale muda mfupi kabla ya ajali. Uliiona bendera hii?"

Duje alikuwa mtu mnene, mzito wa maneno, aliyevaa shati lake la kanisani. Alisogea mezani, akaishika bendera kwa pembe, akaigeuza kuelekea dirishani kama wanawake wanavyofanya sokoni. Mwanga ukaingia ubavuni. Kutoka kitini alipokaa, Perina aliliona komamanga likitokea, moja zima, na jingine lililokatwa nusu na mstari mweupe.

Kidole gumba cha Duje kilisimama juu ya lile zima.

Sikukuu ya Mwili wa Bwana ilikuwa baada ya ajali. Shuka lilikuwa zima dirishani, na yeye alipita chini yake. Perina aliona anavyoijumlisha ile hesabu usoni, taratibu, kisha akaona anafika mwisho wake. Hakuna mtu mwingine mle chumbani aliyekuwa na hesabu hiyo. Ni mtu wa kisiwani tu angeijua.

Duje alimtazama Lovre. Lovre alitazama sakafu.

"Niliiona," Duje alisema. "Ilikuwa imesimama."

"Una hakika?"

"Nyekundu. Wima. Kipofu angeiona."

Jozo hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa, akakitikisa mara moja, kama mtu aliyeambiwa habari za ugonjwa alioushuku mwenyewe. "Basi nilipitiwa," alisema chini chini, si kwa mtu yeyote. "Mke wangu alisema."

Afisa alisema jalada litapelekwa mahakamani Jumatatu mchana. Wakati wa kushuka, ni Jozo tena aliyeshika kiti nyuma.

*

Jumapili, padre aliposhuka na komunyo, kanisa lilisimama benchi kwa benchi. Perina alibaki ameketi, kama abakivyo mwenye dhambi ambayo hajaiungama. Tangu alipokuwa msichana mwenye shela ya komunyo ya kwanza hakuwahi kubaki, na waliokuwa naye kwenye benchi ilibidi waruke magoti yake ili wapite. Alishika rozari, lakini vidole havikusogea punje hata moja. Upande wa wanaume, mtu mwingine mmoja alikuwa amebaki, mabega yake mapana yamejaa benchi tupu. Milka alirudi kutoka altareni na mikono imefumbwa, akamwona mumewe, akamwona Perina, na macho yake yakaenda na kurudi kati yao.

Nje hakumngoja Perina kama kawaida.

*

Jumatatu asubuhi Duje aligonga. Perina alimkaribisha, akamwekea kahawa na glasi ndogo ya pombe ya zabibu, akarudi kumenya viazi kwenye sinki. Jikoni lile lilikuwa dogo, hakuna la kusemwa ambalo hangelisikia.

"Jirani," Lovre alisema, akijiinua kwa viwiko. "Sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru."

"Lakini mimi si mtu wa kula bila kulipa."

"Nimesema usinishukuru, Lovre."

"Sikiliza. Mimi kule chini sirudi tena. Na mwenye haki ya kupajua mahali pangu pa sponji ni wewe sasa." Akateremsha sauti, ingawa nyumbani hamkuwa na mtu mwingine. "Baba alipaita Mkateni. Shika rasi, uende nje mpaka mnara wa kanisa ukae juu ya paa la ghala la chumvi. Hapo geuza macho upande wa bara. Jiwe jeupe likijifunga na ncha ya kisiwa kidogo..."

"Na mtini wa mpakani uwe umefichika," Duje alimalizia.

Kisu cha Perina kilisimama ndani ya kiazi.

"Umejuaje?" Lovre aliuliza.

"Nimejuaje." Duje aliizungusha glasi bila kuinywa. "Baba yako na baba yangu walipafungua pamoja, Lovre, kabla hawajagombana. Alipokuwa anakufa, baba aliniambia: Mkateni ni pa akina Lovre, nyumba yao haina kingine, usipaguse. Sikupagusa. Mimi hupita pale kwenda kwenye sponji zangu, hakuna njia nyingine. Kila nikipita nilikuwa naona bendera yako inaanguka majini kama mlevi. Nikifika nyumbani namwambia Milka, leo tena amenilalia, wanacheka na watoto." Akajaribu kutabasamu, uso ukakataa. "Mlijua kwamba tunajua. Milka alimtania Perina gatini mbele ya watu wote."

"Alijua inalala," Lovre alisema. "Hakujua mahali."

"Bwana wee. Anayelaza bendera hulaza mahali pake."

Kahawa ilikuwa inapoa. Lovre alilala chali tena, akakitazama kile kipande kitupu cha blanketi ambapo mguu ungekuwepo, akakitazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo.

"Ungeniambia," alisema hatimaye.

"Ungeniuliza."

Perina aliosha mikono. Aliifuta, akavua aproni, na kabla ya kuitundika akaingiza mkono mfukoni. Akaiweka bawaba juu ya meza, kati ya kahawa na glasi, nyeusi kwa moto. Akachukua leso safi ya kanisani kabatini, akaitandaza, akaifunga bawaba ndani yake mafundo mawili.

Duje ndiye aliyeelewa kwanza. Akasimama. "Shemeji. Jalada linaondoka mchana. Ukiipeleka hiyo, mimi ni mwongo mbele ya mahakama na mbele ya kisiwa kizima."

"Tuko wawili, kaka Duje."

"Na huyu? Atakula nini?"

Perina alijifunga mtandio wa kichwani mbele ya kioo kidogo kilichokuwa juu ya sinki, akaubana vizuri, jinsi anavyoubana siku za kuungama. Feri ya kwenda mjini ilipiga honi yake ya kwanza gatini.

"Perina," Lovre aliita. Sauti yake ilianza na hasira, ikaisha na kitu kingine. "Perina, kaa chini. Fikiri kwanza. Ni mguu wangu huu! Perina!"

Alivuta blanketi likamfunika vizuri, akamsogezea chombo mahali ambapo mkono wake ungekifikia. Kisha akachukua leso, akatoka, akauacha mlango wazi.